Joginder Singh: Fundi Aliyejua Kulifikisha Gari

Mtajie Joginder Singh Mkenya yeyote wa makamo, naye atakujibu kwa miaka mitatu: 1965, 1974 na 1976. Hiyo ndiyo miaka aliyoshinda mbio za magari za Safari, na ushindi una haki yake ya kukumbukwa. Lakini hesabu inayonieleza zaidi habari za mtu huyu ni nyingine, na haitajwi mara nyingi. Kati ya mwaka 1959 na 1980 aliingia Safari mara 22, akafika mwisho mara 19.

Hesabu hiyo ipime kwa mbio zenyewe. Safari ilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikakaa kwenye sikukuu ya Pasaka, yaani katikati ya mvua za masika. Njia yake ilikaribia kilomita 5,000 na haikufungwa kwa ajili ya mashindano. Dereva wa Safari aligombania barabara na mabasi, malori ya kahawa, ng'ombe, punda na wakati mwingine twiga. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi saba tena. Makampuni ya Ulaya yalileta madereva mashuhuri waliokuwa wakishinda kwao, wakaja kukwama kwenye udongo mweusi unaonata wa nyanda zetu. Ilibidi wasubiri hadi mwaka 1972 ndipo mgeni wa kwanza, Hannu Mikkola wa Finland, akashinda. Katika mbio za namna hiyo, mtu anayefika mara 19 kati ya 22 hawezi kuwa amebahatika. Ana elimu fulani ambayo wenzake hawana.

Elimu hiyo Joginder aliipata gereji.

Alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Baba yake, Battan Singh, alikuwa ametoka Punjab miaka ya 1920, akijiunga na jamii ya mafundi wa Kisikh iliyokwisha kuota mizizi Afrika Mashariki. Jamii hiyo ilikuja na reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India kuja kutandika reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na simba. Wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba ilipokwisha, lakini maelfu walibaki, na miongoni mwao walikuwamo Masikh wahunzi, maseremala na waashi. Ukipita leo barabara ya Mombasa utalikuta hekalu lao Makindu, lililojengwa na wafanyakazi wa reli mwaka 1926. Hadi sasa msafiri yeyote, awe wa dini gani, hukaribishwa hapo chapati, dengu na chai bila kuulizwa anatoka wapi, wala kulipa hata ndururu.

Magari yalipoanza kuingia kwa wingi, mikono iliyokuwa ikifua vyuma vya treni iligeukia injini. Kila mji wa reli, kuanzia Voi hadi Kisumu, Tabora hadi Jinja, ulipata gereji yake ya Kalasinga, kama Sikh anavyoitwa huku. Mkulima alipeleka trekta huko, Mhindi mwenye duka akapeleka lori lake, mkuu wa wilaya naye akapeleka Land Rover ya serikali. Battan Singh alikuwa na gereji yake, na mwanawe mkubwa alipomaliza shule ya bweni Nairobi, huko ndiko alikokwenda kuanza kazi.

Alianza kama kila mtu anavyoanza: spana boi. Wasomaji waliopitia njia hiyo wanajua maana yake. Huanzi kwa kufungua injini. Unaanza kwa kuosha vipuri na mafuta ya taa hadi ngozi ya vidole inajikunja. Unashika taa mahali ambapo mwenyewe huoni chochote, na unatakiwa kukisia spana gani itakayoitishwa kabla haijaitishwa. Enzi zile hilo la spana halikuwa jambo dogo. Magari ya Kiingereza yalikuwa na vipimo vyao, tena vya aina zaidi ya moja, ya Kimarekani vyake, ya Bara Ulaya yakatumia milimita. Kijana aliyechukua spana isiyo yake aliharibu kichwa cha nati, na kipuri cha kuibadilishia pengine kilikuwa bado melini. Hapo ndipo fundi wa Afrika Mashariki alipojifunza tabia aliyonayo mpaka leo, ya kutotupa kitu. Kilichochakaa kinachongwa upya, kilichopasuka kinachomelewa, na kisichopatikana kinaundwa.

Mwaka 1958, baada ya kupitia gereji kadhaa, Joginder aliajiriwa na Royal East African Automobile Association, chama cha wenye magari, kuwa fundi wa doria. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akiwasaidia waliokwama. Nadhani waandishi wengi huupita mwaka huu haraka mno kwa hamu ya kufika kwenye vikombe. Ndani ya gereji fundi ana shimo la kuingilia chini ya gari, ana winchi, ana wenzake wa kuwauliza na ana kesho. Fundi wa doria ana boksi la vifaa, jua linalozama na familia iliyoketi kando ya barabara ikimkodolea macho. Hawezi kusema gari liachwe hadi Jumatatu. Lazima atambue ugonjwa kwa kusikiliza, kunusa na kugusa, kisha atafute dawa itakayolifikisha gari mjini, hata kama si dawa ya kudumu. Mwaka uliofuata aliingia Safari kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka 27. Ukifikiri vizuri, aliendelea na kazi ileile, ila sasa gari lililokwama lilikuwa lake.

Tuje kwenye Pasaka ya mwaka 1965.

Kenya ilikuwa jamhuri ya miezi minne. Volvo ilikuwa imeleta timu yake katika Safari ya mwaka uliotangulia, mambo yakaenda vibaya, na magari yakabaki huku. Moja kati ya hayo, aina ya PV544, likawa la Joginder. Halikuwa gari la kumtisha mtu kwa sura. Mgongo wake wa mviringo ulitokana na muundo uliozinduliwa Sweden mwaka 1944, na kufikia 1965 kiwanda kilikuwa kinajiandaa kuacha kabisa kuliunda. Lakini fundi aliona kisichoonwa na mpita njia: chuma kinene, injini ya silinda nne isiyo na madoido na iliyo rahisi kuifikia, na mwili uliokwisha kupigwa na barabara za Afrika Mashariki bila kupasuka. Gari jipya huficha udhaifu wake hadi siku ya mashindano. Hili lilikuwa limeshaungama.

Aliliandaa pamoja na ndugu yake mdogo, Jaswant, ambaye ndiye aliyeketi kiti cha pili kama mwelekezi. Kura iliwapa namba moja, maana yake waondoke kwanza. Baadhi ya madereva huipenda namba hiyo kwa sababu huli vumbi la mtu. Lakini mvua ikinyesha, anayetangulia ndiye anayefungua njia kwenye tope, ndiye anayegundua kwamba daraja limesombwa, na hana alama ya tairi la mtu mwingine ya kumwonyesha mto unavukika wapi. Ndugu wawili waliondoka Nairobi wakiwa wa kwanza, na wa kwanza wakarudi, wakimwacha aliyewafuata kwa dakika 100.

Dakika 100 ni muda mrefu mno. Katika mbio za leo bingwa huamuliwa kwa sekunde, na nyakati nyingine kwa sehemu ya sekunde. Pengo kama lile halitokani na kukanyaga mafuta peke yake. Linatokana na mambo ambayo gari halikuyapata.

Niwaeleze kidogo namna dereva aliye fundi anavyoendesha, kwa sababu hapa ndipo penye siri yote. Anapokaribia mto hafikirii kina cha maji tu. Anaifikiria feni, ambayo ikiwa inazunguka ndani ya maji itayarusha juu ya distribyuta na plagi, na injini itazimika katikati ya mkondo. Kwa hiyo kabla ya mbio atakuwa ameziba kila mlango wa maji kwa grisi na mpira, na ikibidi atalegeza mkanda wa feni kwanza ndipo avuke. Akisikia mvumo mwembamba kutoka gurudumu la mbele anajua beringi imeanza kulia, na anajua ina saa ngapi za kuishi. Harufu ya klachi inamwambia apunguze. Kanyagio la breki likianza kuwa laini anaelewa kwamba mafuta yake yamechemka, basi ataanza kutumia gia kulishika gari mteremkoni. Springi ikikatika atajua aegemee upande gani kwenye kona. Dereva asiye fundi husikia kelele moja tu, kelele ya mwendo. Akija kugundua kwamba kuna tatizo, gari limeshasimama.

Na pale linaposimama, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Wakati huo magari hayakuwa na kompyuta ya kuunganisha waya na kusoma hitilafu. Injini ikikohoa, ni ama moto ama mafuta, na fundi mzuri anaigawa shida hiyo mara mbili, kisha mara mbili tena, hadi anafika kwenye tundu la kabureta lililozibwa na punje ya mchanga. Usiku, mvua ikinyesha, kwenye miteremko ya Mbulu au vilima vya Taita, kazi hiyo inaweza kuchukua dakika sita au ikachukua saa nzima. Hapo ndipo Safari zilipokuwa zikipotelea, na hapo ndipo nyingine zilipokuwa zikipatikana.

Halafu kuna suala la ndugu. Kazi ya mwelekezi ilikuwa kusoma ramani, kuhesabu muda wa kufika kila kituo na kumweka dereva macho kwa siku nne ambazo usingizi wake haukujaa kiganja. Watu wawili wasiotoka nyumba moja hugombana katika hali hiyo. Jaswant alikuwa amelelewa na sauti ya kaka yake, akajua akinyamaza ana maana gani. Ushindi wa kwanza wa Safari kwa dereva asiye Mzungu uliletwa na watoto wa baba mmoja, kwa gari la mtumba walilolifunga wenyewe. Katika jamii za mafundi wa Kisikh ujuzi haukuwekwa kwenye cheti. Ulikaa ndani ya familia, baba akimkabidhi mwana, kaka akimvuta mdogo wake. Battan Singh hakuwa ndani ya gari lile, lakini spana ya kwanza waliyoijua watoto wale ilikuwa yake.

Miaka ya 1974 na 1976 ilikuja na gari tofauti kabisa, Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR, na mwelekezi mwingine, David Doig. Mbio nazo zilikuwa zimebadilika. Zilikuwa sasa ni sehemu ya mashindano ya ubingwa wa dunia, na kutokana na hali ya kisiasa ya majirani zilikuwa zinafanyika ndani ya Kenya tu. Mwaka 1974 Joginder alimwacha nyuma Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche 911, gari lenye nguvu kupita lake kwa mbali. Huo ukawa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia wa mbio za magari. Miaka miwili baadaye Lancer zilichukua nafasi tatu za kwanza, Joginder akiongoza, Robin Ulyate wa Kenya akafuata, na Andrew Cowan wa Scotland akawa wa tatu. Leo jina Lancer haliko mbali na mbio za magari popote duniani. Sehemu ya sifa hiyo ilitengenezwa kwenye mawe na matope yetu, na mtu aliyeanza maisha akiosha vipuri na mafuta ya taa.

Wakati anashinda hivyo, jamii yake ilikuwa kwenye mtihani. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara, na Waasia wengi wasiokuwa na uraia wakaona mlango unafungwa. Walifurika Uingereza kwa maelfu hadi serikali ya huko nayo ikafunga wake mwaka 1968. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda. Mmoja wa waliopoteza makao yao, Shekhar Mehta, alikuja Kenya na mwaka uliofuata akashinda Safari kwa Datsun. Gereji nyingi za Kisikh zilifungwa au zikauzwa katika miaka hiyo. Maswali yaliulizwa hadharani kuhusu nani ni Mkenya na nani ni mpita njia. Lakini kila Pasaka, watu waliopanga foleni kando ya barabara kutoka Nakuru hadi Eldoret walikuwa wakimshangilia Kalasinga mwenye kilemba kama mtu wao, na watoto wakiunda magari yao ya waya walikuwa wakigombania nani awe Joginder. Serikali ilikuja kuwatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 mwezi wa Julai 2017. Joginder alikuwa ameshafariki. Wananchi wa kando ya barabara walikuwa wameshatoa uamuzi wao zaidi ya miaka 50 kabla.

Sitaki kuipaka rangi historia ya gereji zile. Chini ya ukoloni kazi zilipangwa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikuwa na leseni ya kuuza magari, Mhindi akayatengeneza, Mwafrika akanyanyua vizito na kufagia. Vijana wengi wa Kiafrika walifanya kazi miaka mingi chini ya mafundi wa Kihindi kwa mshahara mdogo na bila mafunzo rasmi. Walijifunza kwa kutazama, wakati mwingine kwa kuiba kwa macho, kwa sababu hakuna aliyekusudia kuwafundisha. Msomi Kenneth King, katika kitabu chake The African Artisan cha mwaka 1977, alieleza jinsi ujuzi ulivyopita kutoka karakana za Wahindi hadi kwa mafundi wa Kiafrika, na jinsi hao walivyokwenda kuanzisha karakana zao chini ya jua kali. Tembea leo Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Fundi atakayekufungulia gia boksi juu ya kipande cha katoni amefundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu aliyekuwa akishika taa kwa Kalasinga. Urithi huo ulipatikana kwa jasho lisilolipwa vya kutosha, na haupungui thamani kwa sababu hiyo. Kinachostahili ni kutaja majina ya pande zote mbili, na majina ya wale walioshika taa karibu yote yamepotea.

Joginder aliiacha Safari mwaka 1980. Miaka ya uzeeni aliishi Uingereza, na alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Magazeti yalimwita kwa jina alilobandikwa na waandishi wa Kiingereza tangu ujana wake, Flying Sikh, Sikh anayepaa. Ni jina zuri, lakini linamsifu kwa mwendo, na wenye mwendo walikuwa wengi. Magari yao yalivutwa na trekta kutoka mitaroni, wao wakapanda ndege kurudi makwao. Ningependa kuona shule ya ufundi nchini mwetu yenye jina la Joginder Singh na la ndugu yake Jaswant, na kwenye lango lake injini ya PV544 iliyofunguliwa, kila kipuri na jina lake la Kiswahili. Vijana wanaosomea ufundi wa magari kwenye vyuo vyetu hufundishwa historia ya Henry Ford wa Detroit. Hakuna ubaya. Lakini wa Kericho naye yupo, na alifanya kazi na vifaa wanavyovifahamu.

Mbio za Safari zilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na makao yake yakawa Naivasha. Magari ya siku hizi yana kompyuta, na yakiingia kwenye eneo la matengenezo hupokelewa na kundi la mafundi wanaobadilisha gia boksi kwa dakika chache. Hata hivyo, nje ya eneo hilo sheria inawaruhusu watu wawili tu kuligusa gari, dereva na mwelekezi wake, kwa vifaa walivyobeba humo ndani. Asubuhi ya siku ya mwisho ya mbio za mwaka huo wa 2021, Thierry Neuville wa Ubelgiji alikuwa akiongoza. Shokomzoba ya nyuma ikamvunjikia, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Ufaransa. Nyuma yao, katikati ya orodha ya magari yaliyoharibika, alikuja Mkenya wa kwanza, katika nafasi ya saba, akiwa na Volkswagen Polo. Jina lake ni Onkar Rai, naye pia ni Sikh.